Viatu Rasmi kwa Anayesimama Kutwa: Namna ya Kuvichagua Hatua kwa Hatua

Kusimama kunachosha kuliko kutembea, na kila afanyaye kazi ya kusimama analijua hilo mwilini hata kama hajapata kuelezwa sababu. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu hukaza na kulegea kwa kila hatua, na kila inapokaza huikamua mishipa na kuisukuma damu irudi juu. Akisimama tuli, pampu hiyo hupumzika. Damu na majimaji hutuama chini, miguu huvimba, na mifupa ile ile hukandamizwa mahali pale pale kwa saa nyingi bila nafuu. Mwenye ruhusa ya kuvaa raba ana pa kukimbilia. Mwalimu, mhudumu wa mapokezi, mlinzi wa mlangoni, muuzaji wa duka la nguo, msimamizi wa karamu au wakili hana. Kazi inamtaka awe nadhifu kuanzia kichwani hadi miguuni, ilhali viatu rasmi vingi vimeundwa kana kwamba mvaaji atakaa kitini siku nzima.

Nitakalolisisitiza ni hili: kiatu cha kazi ya kusimama kipime kwa saa ya nane ya kusimama, usikipime kwa dakika ya kwanza. Dakika ya kwanza hupendelea ulaini. Ukikanyaga sponji nene dukani unahisi kama umepanda godoro jipya, unalipa, unaondoka. Wiki chache baadaye sponji imelala, wayo umezama, na misuli midogo ya mguu inahangaika kuusawazisha mwili juu ya kitu kinachoyumba. Saa ya nane hupendelea mambo mengine kabisa: umbo linaloufuata mguu wako, sehemu ya nyuma inayoshika kisigino, na soli imara isiyokunjika katikati.

Hatua ya 1: Itazame sakafu unayosimamia

Zege, vigae na marumaru havipunguzi mshindo wowote, kwa hiyo soli ya mpira yenye unene wa kutosha ni ya lazima. Mbao na zulia vina huruma kidogo. Kama sakafu yenu hulowa maji au mafuta, soli ya ngozi iondoe kabisa katika mawazo yako hata ikiwa inapendeza namna gani. Huteleza vibaya juu ya kigae chenye maji.

Jiulize pia kama unasimama tuli au unazungukazunguka. Anayezunguka anahitaji kiatu chepesi kinachokunjika vizuri mbele. Anayesimama tuli anaweza kuvumilia uzito zaidi, na soli ngumu kidogo itamfaa. Kisha zisome upya kanuni za mavazi za kazini kwako. Mara nyingi zinasema viatu vyeusi, vya kufunika mguu, visafi, basi. Hazisemi ncha iwe kali wala kisigino kiwe kirefu. Hapo ndipo penye nafasi yako ya kuchagua, na watu wengi hawaitumii.

Hatua ya 2: Pima miguu yote miwili, jioni, ukiwa umesimama

Watu wazima wengi hutaja namba waliyoizoea tangu ujana. Mguu lakini hubadilika. Kadiri umri unavyosonga, kano zinazoshikilia upinde wa wayo hulegea, upinde hushuka, na mguu hurefuka na kupanuka. Ujauzito na kuongezeka uzito vinaweza kuleta matokeo hayo hayo. Mguu mmoja una mifupa 26 na viungo 33. Kitu chenye vipande vingi hivyo hakiwezi kubaki na umbo moja maisha yote.

Pima jioni, baada ya kazi, miguu ikiwa imeshavimba kadiri inavyovimba kila siku. Kiatu ulichokichagua asubuhi huanza kubana mchana, na kiatu kilichobana mchana hakitakuachia hadi ukivue.

Bandika karatasi sakafuni ikigusana na ukuta. Vaa soksi za kazini, weka kisigino kiguse ukuta, simama wima, uzito ukiwa sawa kwenye miguu yote. Mwombe mtu mwingine akuchoree kuuzunguka mguu, penseli ikiwa wima. Ukiinama kujichorea mwenyewe uzito unahama na mchoro unapotoka. Pima urefu kutoka ukutani hadi ncha ya kidole kilichotangulia mbele. Kwa wengi ni kidole gumba, ila wapo ambao kidole cha pili ndicho kirefu, na hao wasipolijua hilo huishia kuumia ukucha bila kuelewa kwa nini. Pima na upana, pale mguu unapopanuka zaidi nyuma ya vidole. Rudia kwa mguu wa pili. Ni kawaida miguu kutofautiana, na kiatu hununuliwa kwa kuufuata mguu mkubwa. Ule mdogo huwekewa soli ya ndani nyembamba ya kuongezea.

Kuna kipimo cha tatu ambacho wengi hukiruka: umbali kutoka kisigino hadi kwenye fundo la kidole gumba, ile nundu ya mfupa iliyo upande wa ndani. Mguu hukunjika hapo, na kiatu nacho kimepangiwa mahali pake pa kukunjika. Watu wawili wanaweza kuwa na urefu sawa wa mguu, mmoja akawa na vidole virefu na mwingine vifupi, wakahitaji namba tofauti. Kiatu kikikunjika pasipo sawa na mguu, ngozi hukwaruza vidole na wayo huchoka upesi. Yapo maduka yanayotunza kile kifaa cha chuma chenye vitelezi kilichobuniwa na Mmarekani Charles Brannock katika miaka ya 1920, kinachopima urefu, upana na umbali huo wa fundo kwa pamoja. Ukikikuta, omba upimwe.

Namba zenyewe zisikupe imani kubwa. Namba za Uingereza hupanda kwa theluthi moja ya inchi, yaani takriban milimita 8.5 kila moja. Namba za bara la Ulaya, zile za 40 na 42, hupanda kwa theluthi mbili za sentimita, takriban milimita 6.7. Ngazi mbili zenye vidato visivyolingana haziwezi kukutana kila mahali, ndiyo maana mtengenezaji mmoja husema 8 ya Uingereza ni 42 na mwingine akasema ni 42 na nusu. Shika vipimo vyako kwa milimita, halafu jaribu namba mbili au tatu zinazokaribiana.

Uliza pia upana. Watengenezaji makini huuza urefu mmoja kwa upana zaidi ya mmoja. Kwa viatu vya wanaume vya Kiingereza, herufi F mara nyingi ndiyo upana wa kawaida na G ni pana zaidi. Kwa vya Kimarekani, kawaida ni D kwa wanaume na B kwa wanawake. Mwenye mguu mpana anayenunua namba kubwa ili apate nafasi ya pembeni anajitafutia taabu: kisigino kitapwaya, mguu utateleza mbele, na vidole vitakwenda kubanwa kule kule alikokuwa anakukimbia. Dawa ya upana ni upana.

Hatua ya 3: Chagua umbo na namna ya kufunga

Kila kiatu huundwa juu ya kalibu, yaani umbo la mbao au plastiki mfano wa mguu. Kalibu ndiyo inayoamua kama kiatu kitakufaa, kuliko jina lililopigwa muhuri ndani yake. Weka kiatu juu ya ule mchoro wako wa karatasi. Ukiona mstari wa vidole umetokeza nje ya soli, kirudishe rafuni bila hata kukivaa. Ncha ya mviringo au ya mraba laini inaweza kuwa nadhifu kabisa. Ncha kali inafaa tu ikiwa kiatu kimerefushwa mbele ya vidole, ncha ikabaki tupu.

Katika viatu vya kamba vya kiume kuna aina mbili kubwa. Oxford ina mashavu mawili ya kamba yaliyoshonwa chini ya ngozi ya mbele, kwa hiyo mdomo wake hufunguka kidogo tu. Derby ina mashavu yaliyo huru juu ya ngozi ya mbele, yanayofunguka kwa upana. Kwa anayesimama kutwa mimi naiunga mkono Derby bila kusita. Saa tisa mchana mguu ukiwa umevimba unalegeza kamba na kiatu kinakupa nafasi. Oxford haina cha kukupa. Mwenye mgongo wa mguu ulioinuka atafaidika zaidi. Derby ikiwa ni nyeusi, haina vitobo vya mapambo na imeng'arishwa, hakuna ofisi itakayokulaumu.

Viatu vya kuchomeka visivyo na kamba vina udhaifu ambao hauepukiki: ili visichomoke, lazima vibane mahali fulani, na asubuhi vikibana sawasawa, jioni vinabana kupita kiasi.

Udhaifu huo ni mkubwa zaidi kwenye viatu vya kike vilivyo wazi juu. Hakuna kamba wala mkanda. Kinachokishikilia kiatu ni kubanwa kwa vidole mbele na kisigino nyuma. Mwanamke anayesimama kutwa na afunge mguu wake kwa kitu: mkanda unaopita juu ya mguu, kamba, au kiatu kinachofunika hadi karibu na kifundo. Kisigino kiwe kipana, cha kusimama juu yake bila kutetereka, na kisizidi sentimita 3 au 4. Ukisimama pekupeku, kisigino chako hubeba zaidi ya nusu ya uzito wa mwili. Kadiri kiatu kinavyoinuka nyuma, uzito huo huhamia mbele, juu ya mifupa myembamba iliyo nyuma ya vidole, na hapo ndipo panapowaka moto jioni. Lakini usikimbilie viatu bapa vyenye soli nyembamba ya kukunjika kama karatasi ukidhani ndiyo raha. Havina upinde, havishiki nyuma, na sakafu unaihisi yote. Kisigino cha sentimita 2 hadi 3, kilekile cha viatu vingi vya kiume, huwafaa watu wengi.

Hatua ya 4: Kikague kiatu kwa mikono

Fanya haya kabla hujakivaa. Hayachukui hata dakika mbili.

Kwanza, bonyeza sehemu ya nyuma inayokumbatia kisigino. Kati ya ngozi ya nje na bitana hufichwa kipande kigumu. Kidole gumba kikiweza kuibonyeza na kuikunja kwa wepesi, kiatu hicho kitapinda upande ndani ya miezi michache, na kifundo cha mguu kitakifuata.

Pili, shika kiatu ncha na kisigino ujaribu kukikunja. Kinapaswa kukunjika pale mbele, kwenye fundo la kidole gumba, na kukataa kukunjika katikati. Ndani ya soli ya kiatu kizuri, chini ya upinde wa wayo, hulazwa kipande chembamba cha chuma, cha mbao au cha nyuzi ngumu, kinachozuia kiatu kisilegee katikati. Kikikunjika katikati, aidha hakina kipande hicho au ni dhaifu, na upinde wa mguu wako ndio utakaofanya kazi yake.

Tatu, kisokote kama unakamua nguo. Kikubali kidogo tu.

Nne, kiweke juu ya meza na ukitazame kwa nyuma. Kisigino kilale sawa, mstari wa mshono wa nyuma uwe wima. Linganisha na mwenzake. Utashangaa ni viatu vingapi vipya vinavyotoka kiwandani vikiwa vimeinama.

Mwisho, ingiza mkono ndani na upapase taratibu hadi kwenye ncha. Mshono uliotokeza, kingo ya bitana iliyojikunja au kichwa cha msumari utakiona kwa vidole vya mkono leo, au kwa vidole vya mguu kesho.

Hatua ya 5: Jua kilivyoungwa

Uimara wa kiatu rasmi unategemea sana jinsi soli ilivyoshikanishwa na sehemu ya juu, na njia kubwa ni tatu.

Iliyo rahisi ni gundi. Viatu vingi sokoni vimeungwa hivyo. Ni vyepesi, hukunjika tangu siku ya kwanza, na vingine si vibaya hata kidogo, ila soli ikiisha au ikibanduka, mara nyingi ndio mwisho wa kiatu.

Ya pili ni mshono unaopenya moja kwa moja kutoka soli ya ndani hadi soli ya nje. Mashine yake ilipewa hataza mwaka 1858 kwa jina la Lyman Blake wa Marekani, na mshono huo unaitwa Blake hadi leo. Ukichungulia ndani ya kiatu, chini ya kile kitambaa au ngozi ya juu ya soli ya ndani, utaona mstari wa uzi. Hutoa kiatu chembamba, cha kupendeza, kinachokunjika vizuri, na soli yake inaweza kubadilishwa na fundi mwenye mashine ya kazi hiyo. Kwenye maji mengi si hodari sana, kwa kuwa matundu ya uzi yanapitiliza hadi ndani.

Ya tatu ni ile ya mkanda, ijulikanayo kama Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mdogo, mtoto wa yule aliyegundua namna ya kuupika mpira ukawa imara. Mkanda mwembamba hushonwa kuzunguka ukingo wa kiatu, ukiunga ngozi ya juu na soli ya ndani; kisha soli ya nje hushonwa kwenye mkanda huo kwa mshono wa pili. Soli ikilika, fundi huifumua na kushona nyingine bila kuigusa ngozi ya juu, na kiatu kilichotunzwa huweza kubadilishwa soli mara kadhaa. Uwazi unaobaki kati ya soli mbili mara nyingi hujazwa gome laini la koki, lile la vizibo vya chupa. Taratibu koki hiyo hubonyea kwa kufuata wayo wa mvaaji na kubaki hivyo. Faraja hii haina haraka: kiatu huanza kikiwa kigumu, halafu huwa chako. Kwa kazi ya kusimama tuli, kama mfuko unaruhusu, ndiyo njia ninayoipa nafasi ya kwanza.

Angalia usidanganywe na nyuzi za mapambo. Kuna viatu vya gundi vilivyowekewa ukingo wa plastiki wenye uzi juu yake ili vionekane vya mkanda. Fuata uzi kuzunguka kiatu. Ukiwa wa kweli, umezama katika mkanda na mara nyingi utauona ukitokea chini ya soli, isipokuwa pale fundi alipouficha ndani ya mfereji. Ukiwa wa uongo, umekaa juu tu, chini hakuna kitu.

Kuhusu bei, usilinganishe kiatu kwa kiatu. Gawanya bei kwa miezi unayotarajia kukivaa, ongeza gharama za kubadilisha soli, ndipo ulinganishe.

Hatua ya 6: Soli na ngozi

Kwa soli, mpira mgumu wenye vinundu au mikato midogo ndio unaovumilia sakafu ngumu kwa miaka na kushika kwenye unyevu. Zile soli nyepesi sana za povu gumu huanza vizuri, kisha hugandamia pale kisigino kinapokaa na hazirudi. Kuna pia soli za poliurethani, ambazo ni laini na starehe, lakini zina siri moja: unyevu wa hewa huzivunjavunja kikemia kadiri miaka inavyopita, hata zikiwa zimelala ndani ya boksi. Ukinunua kiatu cha aina hiyo kilichokaa ghalani miaka mingi, soli inaweza kumeguka vipande siku ya pili ya kukivaa. Kikunje dukani utazame kama kuna nyufa, na usinunue jozi ya kuweka akiba.

Ngozi bora ni ile ambayo uso wake wa asili haujakwanguliwa. Ibonyeze kwa kidole: hutoa mikunjo midogo mingi, kisha hutulia. Iliyokwanguliwa na kupakwa tabaka nene la rangi ya plastiki hung'aa kama kioo, mikunjo yake ni mikubwa na michache, na tabaka hilo hupasuka baadaye pale kiatu kinapokunjika. Chini zaidi kuna ile ya vumbi la ngozi lililogandishwa kwa gundi juu ya kitambaa, ambayo hubanduka kama rangi ya ukuta. Lebo inayosema tu "ngozi halisi" haikuambii ni ipi kati ya hizo. Reksini nayo haitanuki kuufuata mguu, na jasho halina pa kwenda.

Hilo la jasho ni zito. Inakadiriwa miguu miwili ina tezi za jasho 250,000 hivi, na kiatu rasmi kimefunikwa kote. Basi itazame bitana kwa makini kama unavyoitazama ngozi ya nje. Bitana ya ngozi hunyonya unyevu mchana na kuuachia usiku. Ya plastiki huuacha kwenye soksi, ngozi ya mguu ikalainika, na malengelenge yakafuata.

Hatua ya 7: Kijaribu kwa kusimama

Watu huvaa kiatu, hutembea mpaka kwenye kioo na kurudi, wakaridhika. Wewe kazi yako ni kusimama, basi simama. Na utoke kwenye zulia. Maduka mengi hutandika zulia pale pa kujaribia, na juu ya zulia kila kiatu ni kizuri. Tafuta sehemu ya vigae au zege.

Funga kamba kikamilifu, miguu yote miwili, ukiwa na soksi za kazini. Simama tuli dakika kumi. Ni muda mrefu kwa muuzaji anayesubiri, lakini miguu ni yako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukiwa umesimama, sikiliza: vidole vinaweza kutandaza na kujikunja? Mbele ya kidole kirefu iwepo nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5, karibu upana wa kidole gumba cha mkono. Fundo la kidole gumba limekaa pale soli inapopanuka? Pembeni kuna mahali panapobonyea kwa ndani au mfupa unaosukuma ngozi nje?

Tazama kamba. Kwenye Oxford, mashavu yakikutana kabisa siku ya kwanza kiatu ni kikubwa kwako, kwa sababu ngozi itaachia na hutakuwa na pa kukazia. Yakiachana sana, ni kidogo. Pengo la kama sentimita 1 ni zuri.

Sasa tembea, panda ngazi, simama kwa ncha za vidole. Kisigino kikiteleza juu kidogo sana kwenye kiatu kipya chenye soli ngumu, si neno. Soli ikilegea kitatulia. Kikitoka waziwazi, acha.

Muuzaji atakuambia kitapanuka. Ni kweli kwa kiasi: ngozi nzuri hupanuka kidogo kwa pembeni. Kwa urefu haipanuki. Kidole kikigusa mbele leo, kitagusa siku zote. Maumivu yoyote ya kuchoma dukani ni jibu tosha.

Ukinunua mtandaoni, hakikisha kwanza unaruhusiwa kurudisha, kisha fanya majaribio haya jioni nyumbani, juu ya sakafu safi, soli isipate mikwaruzo.

Neno kuhusu soli za ndani za kuongezea. Zinasaidia, hasa zile zenye umbo la upinde na ugumu wa kiasi, lakini zinachukua nafasi. Ukiingiza nene kwenye kiatu kinachotosha kamili, mgongo wa mguu utabanwa na kisigino kitainuka hadi kitoke. Kama unajua utazitumia, nenda nazo dukani, toa zile za kiwandani, weka zako, ndipo ujaribu.

Hatua ya 8: Kizoeze, halafu kipumzishe

Kiatu kipya usikipeleke kazini siku ya kwanza. Kivae nyumbani nusu saa, kesho yake saa moja, uongeze taratibu. Chenye mkanda na koki kinaweza kuhitaji wiki kadhaa.

Nunua jozi mbili ukiweza, hata ikibidi ya pili isubiri miezi michache, na uzivae kwa zamu. Kiatu kilichonyonya jasho la kutwa kinahitaji angalau saa 24 kukauka ndani. Kikivaliwa kila siku, unyevu huozesha nyuzi na bitana na kulegeza gundi, kwa hiyo jozi mbili za zamu huishi muda mrefu kuliko jozi mbili zinazovaliwa moja baada ya nyingine kuisha. Ukivivua, viingizie kalibu za mbao. Usipokuwa nazo, jaza magazeti yaliyofinyangwa na uyabadilishe yakilowa. Visikaushwe juani wala karibu na moto, ngozi hukakamaa na kupasuka.

Legeza kamba kabla ya kuvua na kabla ya kuvaa, na tumia kijiko cha kuvalia. Anayechomeka mguu kwa nguvu akikanyaga ukingo wa nyuma anaua kile kipande kigumu ulichokibonyeza dukani, na hakuna fundi anayekirudisha kwa urahisi. Futa vumbi kwa brashi kila jioni. Paka krimu ya ngozi kila ngozi inapoonekana kukauka, kisha dawa ya kung'arisha kwa kiasi.

Soksi ziwe za sufu nyembamba au za mchanganyiko unaonyonya jasho, zisizobana sana shavu la mguu. Kazini kwenyewe, hamisha uzito mara kwa mara, inua visigino mara chache kila baada ya muda ili ile pampu ya misuli ifanye kazi, na kama kuna kingo au kibao kidogo chini ya meza, weka mguu mmoja juu yake kwa zamu.

Hatua ya 9: Sikiliza mguu, kagua kiatu

Uchovu wa jioni unaoisha ukilala ni wa kawaida. Maumivu makali chini ya kisigino kwenye hatua za kwanza asubuhi, ganzi ya vidole, au uvimbe wa mguu mmoja tu, vinahitaji daktari kabla ya kiatu kingine. Mwenye kisukari awe mwangalifu zaidi, kwani anaweza asihisi jeraha linapoanza. Aitazame miguu yake kila siku, na kiatu kipya akivae kwa muda mfupi kisha akague kama kuna wekundu.

Kila mwezi pindua viatu vyako juu ya meza. Kisigino kikilika upande mmoja, kipeleke kwa fundi wakati bado kilichokwisha ni kile kibao cha mpira cha chini. Kikishafika kwenye tabaka za juu, kazi huwa kubwa na umeshaanza kusimama upande. Soli ya kiatu cha mkanda ibadilishwe kabla haijatoboka, kwani mkanda wenyewe ukishalika kazi huwa ngumu zaidi. Ngozi ya juu ikipasuka hadi ndani pale inapokunjika, au sehemu ya nyuma ikilala upande na kukataa kusimama, kiatu hicho hakifai tena kwa kusimama, hata kama bado kinang'aa.